Zamu ya Raphaeli

Pale Hasamba, Mbozi, mkulima wa kahawa asiyekunywa kahawa ni mmoja tu, mzee Raphaeli. Anailima, anaichuma, anaianika, na ukimkaribisha kikombe anakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa ya minyoo. Majirani wamemtania miaka na miaka mpaka wamechoka wenyewe. Yeye ni mtu wa chai, na chai alifundishwa na Wachina.

Ilikuwa wakati wa ujenzi wa reli. Raphaeli, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akibeba mataruma ya reli kambini Mpemba, na Tabita alikuwa akiwaletea vibarua ndizi mbivu. Siku moja fundi wa Kichina aliwamiminia wawili hao maji ya moto juu ya majani makavu, bila sukari, bila maziwa, na kikombe kikatoa harufu ya mibuni inapochanua. Walikuwa na kikombe kimoja tu, wakanywa kwa zamu, wakicheka kwa ule uchungu. Mwaka uliofuata walifunga ndoa. Wachina waliondoka na majani yao, na Raphaeli akabaki na chai ya dukani, akiitafuta harufu ile asiipate.

Sasa Tabita anasahau. Alianza na funguo, akaingia kwenye majina ya wajukuu, na tangu Pasaka hamjui mumewe. Humwita "mzee wa watu" na kumuuliza kwao ni wapi. Daktari hakuwaficha: alichokipoteza hakirudi. Raphaeli hakubishana naye. Ila moyoni aling'ang'ania jambo moja, kwamba Tabita akiinusa chai ile atamtambua, hata kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Hakuomba zaidi ya hapo.

Akamwendea Hamis, mfanyabiashara wa Tunduma anayenunua mahindi yake.

"Chai ya Wachina, mzee wangu?" Hamis alishangaa. "Upande wa Zambia wapo Wachina wanaotengeneza malori. Ngoja niulizie."

Wiki tatu baadaye alimpa kikopo cha bati, kimejaa robo tu. "Ndiyo hii iliyobaki, na wenyewe wanarudi kwao. Nilipowaambia ni ya mgonjwa, wakanipa yote."

Raphaeli alikifungua palepale kando ya barabara, malori yakipiga honi. Ilikuwa yenyewe. Alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Nyumbani alimkuta Tabita amekaa sebuleni. Alinanuswe, mke wa mwanawe, alikuwa uani. Huyu alilelewa na watu walioshika mila: mke hasemi na baba mkwe wake wala hamtazami usoni. Kwa miaka kumi na miwili walikuwa wakiishi nyumba moja, na kila neno baina yao lilipita kwa Tabita. Raphaeli aliweka kikopo mezani, akasema kama alivyozoea, "Mwambie mkweo achemshe maji matupu. Majani nitayatia mwenyewe."

"Haya," Tabita akaitikia.

Raphaeli akaenda kuoga na kuvaa shati la kanisani. Alitaka akitambuliwa, atambuliwe akiwa safi.

Aliporudi, nyumba nzima ilinuka tangawizi. Alinanuswe aliona chai mpya mezani na baba mkwe ametoka safari, akafanya kama mwanamke yeyote mwenye adabu zake: aliyamwaga majani yote kwenye sufuria, akatia maziwa na sukari, akaiacha ichemke mpaka ikapanda mara tatu. Raphaeli alitaka kupiga kelele. Lakini amgombeze nani? Mkwe hakuambiwa. Ujumbe aliutuma mwenyewe, kwa mtu asiyemtambua hata mumewe, kwa sababu mdomo ulishazoea. Alijiona mjinga kuliko wajinga wote wa Mbozi.

Alinanuswe alimwona anavyokigeuzageuza kikopo kitupu. Akainua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Baba, nisamehe. Sikujua."

"Si kosa lako, mwanangu."

Kwenye kingo za kifuniko vilikuwa vimenasa vipande vichache. Raphaeli alivikwangua kwa ukucha, Alinanuswe akaleta maji ya moto, na kikatoka kikombe kimoja, chepesi, cha rangi ya nyasi kavu. Akampa mkewe.

Tabita alinusa. Akanyanyua kichwa, uso ukamchangamka.

"Mpemba," alisema.

Raphaeli alipiga magoti mbele yake. "Ehe, Mpemba! Kambini. Tulikunywa wawili, Tabita, kikombe kimoja."

"Kwa zamu," Tabita akasema, akacheka. Alikunywa nusu, akaacha. Raphaeli akanyoosha mkono, na Tabita akaupiga kofi.

"We mzee, huna adabu? Hii zamu ya Raphaeli."

"Raphaeli ndiye mimi, mke wangu."

Tabita alizitazama mvi zake, akatazama mikono yake iliyokunjamana, akamwonea huruma. "Raphaeli ni kijana. Yuko relini, anakuja sasa hivi."

Akafunika kikombe kwa kisosi, akakishika kwa mikono miwili. Mlangoni Alinanuswe alikuwa akilia. Chai ilipoa, na Tabita hakukiachia kikombe.

"Kaa hapo, mzee wa watu," alimwambia kwa upole. "Akija nitakutambulisha."

Raphaeli akakaa.