Mguu wa Kushoto wa Mzee Fidelisi

Walburga alimaliza kuchua mguu wa kulia, akaufunika kwa kanga, akahamia wa kushoto. Siku zote alianza na mguu mzima ndipo aende kwenye unaouma. Alipoushika chini ya goti, mikono yake ikasita.

"Unanichua," Mzee Fidelisi alisema, akavuta pumzi, "au unanipima kama kitenge?"

Miaka ishirini ya kuchochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, huko Namtumbo, ilikuwa imemharibu mapafu. Wiki tatu sasa alikuwa mtaa wa Mfaranyaki kwa binti yake Renatha, akishinda na kulala kitini, maana akijilaza alikosa hewa. Renatha hakumruhusu kuinuka hata kufuata maji ya kunywa. Kila kitu kililetwa pale kitini, na majirani walimsifu kwa hilo.

Mguu wa kulia ulikuwa mwembamba na wa baridi. Huu ulikuwa umevimba, mgumu, wa moto, ngozi inang'aa.

"Umeanza lini?"

"Juzi," Renatha alijibu. "Ni kukaa sana. Chua tu, mama mkubwa, damu itembee."

Walburga alifuta mafuta mikononi. "Huu sichui."

Renatha alishusha sauti. "Umeona nini? Kuna mkono wa mtu?"

"Hapana. Mpeleke hospitali."

"Mwezi uliopita si tulikwenda, wakampa vidonge vya kifua? Mguu nao wa kupeleka hospitali! Basi nitamwita Mzee Gaspari. Yule ana nguvu, na hachagui miguu."

"Mwite," Fidelisi alisema, "aninyofoe kabisa." Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

Walburga alikuwa ameshafunga chupa yake ya mafuta. Angeweza kuaga. Lakini akilini aliviona vidole gumba vya Gaspari vikizama kwenye mguu ule.

"Renatha, kaa kwanza. Unamkumbuka Chande wa Mjimwema?"

"Fundi baiskeli? Si alikufa ghafla?"

"Alikuwa amelala ndani mwezi mzima kwa kifua. Mguu wake mmoja ulivimba hivi hivi, wa moto hivi hivi. Nilimchua asubuhi, tena kwa nguvu. Kabla ya adhuhuri akashika kifua, akakosa pumzi, akafa. Mkewe akanishukuru kwa kumhudumia siku ya mwisho. Akanipa kuku. Nikampokea."

Renatha aliitazama mikono ya Walburga. "Ulijua?"

"Sikujua. Hata leo sina hakika. Ila ule mguu sijausahau."

Fidelisi aliufunika mguu wake kwa kanga.

"Mwanangu, kamwite jirani yako Sixbert. Aje na pikapu yake."

Hospitalini daktari aliipima miguu yote miwili kwa utepe: wa kulia sentimita thelathini na moja, wa kushoto thelathini na saba. Aliuliza mgonjwa amekaa kitini muda gani.

"Mwenye mapafu yaliyochoka damu yake huwa nzito," alieleza. "Asipotembea, inaweza kuganda mguuni. Donge likikatika, linapanda hadi kwenye mapafu."

"Mimi ndiye niliyemkataza kuinuka," Renatha alisema. "Nilidhani ndiyo kumtunza."

Daktari hakumkaripia. Alisema wanaanza sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda, na kwamba siku hizi za mwanzo ndizo za kuangalia. Hakuahidi kitu.

"Na mtu akiuchua mguu kama huu?" Walburga aliuliza. "Donge linaweza kukatika?"

"Linaweza. Uliuchua?"

"Huu, hapana."

Daktari alimtazama kidogo, kisha akachora mstari wa kalamu kwenye mguu uliovimba. "Kesho saa mbili tutapima hapa hapa."

Fidelisi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, akipumua kwa shida. "Dada," alisema, "umenichua nusu."

"Nusu inatosha, kaka."

Walburga alichukua chupa yake. Mlangoni Renatha alimuuliza kama atarudi. Atarudi saa mbili, alisema, aisikie namba ya kesho. Kisha, iwe imepanda au imeshuka, atakwenda Mjimwema kwa mke wa Chande. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akitafuta neno la kuanzia, na alifika mlangoni kwake bado hajalipata.