Mwanamkuu na Visanduku vya Yahaya

Katika bendi ya Kaze Jazz ya Tabora, mpiga solo alikuwa Yahaya Abbasi, mfanyakazi wa reli. Watu walimpenda kwa jambo moja: gitaa lake lilibadilika sauti katikati ya wimbo, papo hapo, bila pengo. Miguuni pake alikuwa na visanduku vitatu vya bati alivyouziwa Kigoma na mwanamuziki mmoja aliyevuka ziwa kutoka Zaire. Cha kwanza kiliitia sauti mwangwi. Cha pili kiliikwaruza, ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Cha tatu kilikuwa na kanyagio, na kililifanya gitaa liseme wa-wa kama mtoto anayejifunza kuongea. Yahaya alikanyaga hiki, akaachia kile, vidole vikiendelea na nyuzi, na waliosimama nje ya ukumbi waliapa kwamba ndani mlikuwa na magitaa matatu.

Mwaka 1973, mwezi wa Ramadhani, alikuwa kazini kituo cha Tura wakiunganisha mabehewa, akateleza. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Wa kushoto ulipona, lakini kifundo kilikakamaa. Uliweza kumbeba akiwa na magongo, ila haukuweza tena kukanyaga kitu na kukiachia. Alilala hospitali miezi minne, na mkewe Mwanamkuu alimpelekea uji kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani yake.

Aliporudi nyumbani, kiongozi wa bendi, Kashindye, alikuja kumjulia hali. Alimwambia nafasi yake ipo, atapiga akiwa amekaa kwenye kiti, na visanduku si lazima. Yahaya alishukuru. Baada ya Kashindye kuondoka, aliviviringisha vile visanduku kwenye gunia na kuvisukuma chini ya kitanda.

Alianza kufanya mazoezi barazani kwa gitaa kavu lisilo la umeme, Mwanamkuu akishona sare za shule pembeni yake. Siku zikapita. Mwanamkuu aligundua kwamba mumewe alikuwa akiacha kupiga kila mara mahali palepale katika nyimbo zake, kana kwamba amesahau, kisha anaanza upya. Hakuwa amesahau. Mchana mmoja Mwanamkuu aliacha kushona.

"Baba Maua," alisema, "hapo ndipo ulipokuwa unakanyaga mwangwi."

Yahaya alimtazama. Katika miaka tisa ya ndoa yao hakujua kwamba mkewe alikuwa akisikia mambo hayo.

"Na baada ya hapo?" aliuliza.

"Unauachia kabla mwimbaji hajaingia. Halafu wimbo ukipanda kasi, kwenye chemko, unaweka ile ya mafua."

Yahaya aliinamisha uso juu ya gitaa. Mwanamkuu alimwambia kwamba yeye ana miguu miwili, na kutwa nzima anakanyaga cherehani. Kama atafundishwa, atakanyaga na visanduku.

Nyumbani hawakuwa na umeme, kwa hiyo walikwenda kwenye stoo ya bendi nyakati za mchana, wenzao wakiwa kazini. Mwanzoni Mwanamkuu alichelewa. Sauti ilibadilika noti ikiwa imekwisha kupita, au kisanduku kilitoa mlio katikati ya noti na kuiharibu. Yahaya hakumkaripia. Alimweleza kwamba kati ya noti na noti kuna nafasi ndogo, kama ya kuvuta pumzi, na mguu lazima uingie humo. Kanyagio la wa-wa halikumsumbua hata siku ya kwanza, kwa sababu lilikwenda kisigino na vidole, kama cherehani. Vile viwili vingine vilimchukua wiki sita. Alivua viatu ili ahisi vitufe. Hatimaye aliacha kuhesabu na kuanza kumtazama mumewe begani. Kila alipokaribia kubadili, bega la kushoto lilishuka kidogo. Yahaya mwenyewe hakuwa na habari.

Mama yake Mwanamkuu, Bi Sikuzani, alipopata habari alikasirika. Alisema binti wa watu waliohifadhi Kurani Tabora toka zama za misafara hawezi kukaa jukwaani na wacheza dansi. Mwanamkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa adabu kwamba anakaa na mumewe. Kashindye akatafuta njia ya kati. Shemeji angekaa nyuma ya spika, na mbele yake wangetundika khanga mbili. Pembeni wangeacha mwanya wa kuliona bega la Yahaya.

Siku ya Saba Saba, mwaka 1974, bendi ilialikwa Lusu, huko Nzega, ambako kijiji cha ujamaa kilikuwa kikifungua ghala lake la pamba. Jukwaa lilikuwa mgongo wa lori, na jenereta iliwekwa mbali chini ya mti. Saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Yahaya alipandishwa pamoja na kiti chake, na wengi waliokuwa wakimfahamu walisogea karibu na lori walipomwona.

Wimbo wa kwanza ulianza kwa sauti safi. Ukaja mwangwi, mahali pake hasa. Ukaondoka kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Watu walinyoosha shingo kutafuta mguu ulikotoka. Walikuwa wanakaribia chemko pale upepo wa kiangazi ulipovuma uwanjani na kung'oa khanga zote mbili. Mwanamkuu alionekana, amekaa kwenye boksi la soda, miguu mitupu juu ya visanduku. Khanga moja ilimwangukia magotini. Mikono yake ilitaka kuinyanyua ajifunike. Lakini bega la Yahaya lilikuwa linashuka.

Alikanyaga. Gitaa likakwaruza, ngoma zikapanda, na uwanja mzima ukaanza kucheza. Akina mama wa mbele, waliokuwa wakimtazama miguu, walipiga vigelegele.

Katika ubeti wa mwisho walikuwa wamekubaliana sauti ibaki safi. Yahaya alikuwa akipiga taratibu, peke yake, na Mwanamkuu alisikia noti zikiomba kujibiwa, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu ajali ya Tura. Bila kuagizwa, aliuweka mwangwi. Yahaya aligeuka kumtazama. Kisha akapunguza noti, akaacha kila moja iende na irudi ndipo apige nyingine, na hivyo ndivyo wimbo ulivyokwisha.

Kwenye lori, wakirudi, alimuuliza polepole:

"Mama Maua, pale mwishoni ulikosea?"

"Sikukosea."

"Nilijua," alisema Yahaya, akamshika mkono mbele ya wenzake wote, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

Habari ziliwatangulia Tabora. Bi Sikuzani alifika kesho yake asubuhi. Mwanamkuu alimwamkia, akaitikiwa marahaba bila neno la pili. Mama alikaa mkekani, chai akaiacha ipoe. Kisha akaomba aonyeshwe hivyo visanduku. Alivigeuza kimoja kimoja, akauliza ni kipi kilichowaliza watu wa Lusu, maana ndivyo alivyosimuliwa na jirani. Mwanamkuu alimwonyesha. Yahaya akachukua gitaa kavu, akampigia mkwe wake ule ubeti, na kwa kuwa hapakuwa na umeme, mwangwi aliuimba Mwanamkuu kwa mdomo wake, taratibu, nyuma ya kila noti.

Jumapili iliyofuata Kashindye hakutundika khanga. Aliweka kiti cha pili kando ya kile cha Yahaya, na watu wa Tabora wakakizoea.