Mkono wa Kushoto wa Ofosuhene

Bosi wangu Ofosuhene alinicheka mbele ya ofisi nzima, wakati wa kula waakye, wali wetu wa maharage, vinywa vimejaa. Nilikuwa nimemwambia kwamba miaka sita ya kuchora mabango na nembo inatosha. Nataka kuhamia kwenye kazi ya kukaa na watumiaji, nione programu ya simu inawakwamisha wapi, kisha niipange upya.

"Dzigbordi, mrembo wangu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, mtaa mzima wa Osu, "wewe ni mpaka rangi. Mpaka rangi anaulizwa milango iwekwe wapi?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, huku nikiangalia vizuri nani anacheka kutoka moyoni. Mwisho wa wiki niliacha kazi.

Miezi minane nilijifunza kwa wauza samaki, mafundi cherehani, yeyote aliyekubali kukaa nami na simu. Ugumu wake, kwa mwanamke msemaji kama mimi, ni kunyamaza. Mtu akikwama unamwacha akwame. Ukimwonyesha kwa kidole tu, jaribio limeharibika.

Basi, Mungu hakosi kazi. Madam Quartey, anayesafirisha mizigo ya akina mama wa soko la Makola, alikuwa amemwagiza Ofosuhene programu. Akaniita mimi niijaribu kabla hajaipokea, na akatuambia sote wawili: atakayeonyesha kwamba anawajua wateja wangu ndiye atakayeongoza kazi hii.

Nikaifungua. Nzuri! Sitasema uongo. Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mkono unaokukabidhi kifurushi, na mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Namjua mtu wangu. Picha ilikuwa ya mkono wa kulia, akaigeuza ili ielekee maandishi. Sisi wachoraji tumegeuza picha hivyo mara ngapi! Ningempigia simu, angeirekebisha kabla ya chai kupoa.

Sikupiga.

Siku ya jaribio nilimleta Auntie Korkor, muuza vitambaa, mwanamke ambaye hata askari wa soko humzunguka kwa mbali. Ofosuhene na Madam waliketi nyuma yetu.

"Auntie, tuma mzigo wako Kumasi kwa hii."

Akaitazama simu. Akairudisha mezani taratibu.

"Huyu ni nani?"

"Yupi, Auntie?"

"Huyu anayenipa kitu kwa kushoto. Nimemkosea nini?"

"Mama, shuka chini kidogo, kuna kitufe—" Ofosuhene alikuwa ameshasimama.

"Bosi, keti. Hairuhusiwi kumsaidia."

"Lakini ni picha tu!"

Auntie Korkor akageuka na kiti chake. "Kumbe ni wewe? Mama yako yuko hai? Anajua unachofanya mjini?"

Muuzaji wa pili niliyemleta alifunga programu, akaondoka. Wa tatu aliwaita wenzake waje kuona. Wa nne aliuliza kama kampuni inasafirisha mizigo au matusi. Madam Quartey alikuwa anafuta miwani yake, anafuta tu, kioo kilikwisha kung'aa zamani.

Kazi nikapewa. Mtu mwema angeishia hapo.

"Ofosuhene je, utamhitaji?" Madam akaniuliza.

"Sana, Madam. Namhitaji sokoni."

Sasa kila Jumanne anakaa kwenye kigoda kibandani kwa Auntie Korkor, daftari magotini. Kumjibu mteja ni marufuku. Kujitetea ni marufuku. Anaandika maneno kama yalivyotoka kinywani, hapunguzi chumvi wala pilipili, kisha anatusomea kikaoni. Kanuni hizo sikuzitunga mimi, ndivyo kazi ilivyo. Ila Auntie nilimwomba mwenyewe asijizuie.

Kikao cha kwanza kilijaa, maana nilikuwa nimewaambia watu. Ofosuhene akakohoa, akafungua daftari.

"Mshiriki wa kwanza anasema..." Akainua daftari hadi usoni. "Anasema aliyechora hii ni mbuzi aliyevalishwa tai."

"Sauti, Bosi," nikamwambia. "Wa nyuma hawakusikii."