Kabambare Kuna Nafasi ya Waridi Mmoja

Fadhili alikuwa anapiga pasi shati lake la mikutano, mkaa umekolea vizuri, dada yake Aicha alipompigia simu kutoka Kabambare kumwambia kwamba nyanya yao hayupo.

"Haiko namna gani?" aliuliza Fadhili, akiiweka pasi juu ya tofali isije ikaunguza kola.

"Koko haiko. Alikuwa anatwanga sombe hapa uani. Nimegeuka, naona ni mutoto wangu ndiye anashika mutwangio, na kilemba ya Koko iko ku kichwa yake. Namuuliza, Koko ameenda wapi? Anasema hajui, yeye alikuwa ku masomo."

"Na sombe?"

"Sombe imeisha kutwangwa."

Aicha hakuwa analalamika. Alitaka tu kujua kama aibandike sombe, mboga hiyo ya majani ya muhogo, motoni au amngoje mwenyewe. Jua lilipokuwa linazama alipiga tena. Koko amerudi, chakula kimeiva, ila sasa mtoto ndiye hayupo, na viatu vyake vya shule viko miguuni mwa Koko, vinambana. Fadhili akasema sawa, atatazama. Akakata simu na kukaa kwenye kigoda na shati lake mapajani. Hakuhitaji kutazama kitu. Alijua kilichotokea tangu simu ya kwanza, na uso wake ulikuwa unawaka.

Ukoo wao ni wa Waislamu wa mjini Kasongo, na una desturi ambayo haiko kwa jirani yeyote. Babu wa babu yao alijifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu, ambako hakuna herufi iliyoinuliwa juu ya mwenzake. Alipofundishwa herufi za Kizungu akiwa mtu mzima, alifurahi kukuta nyingine zimefanywa kubwa, na akaamua kwamba hivyo ni viti vya wazee. Tangu hapo, mtoto akipewa jina la mzee aliye hai, mzee huandikwa kwa herufi kubwa na mtoto kwa herufi ndogo, mpaka siku mzee atakapozikwa, ndipo mtoto arithi. Koko ni Waridi. Mtoto wa Aicha, somo yake, ni waridi, kwenye daftari, kwenye sahani yake ya bati na kwenye mkoba wa shule. Walimu husahihisha kwa kalamu nyekundu, na ukoo huwavumilia.

Kwa hiyo Fadhili, alipoajiriwa na mradi mmoja wa afya atengeneze programu ya kuhifadhi sura za wagonjwa kwa majina yao, aliandika majina ya watu wake kama alivyofundishwa nyumbani. Aliwapiga picha Koko na mtoto walipokuja Kasongo kwa sikukuu ya Idi, akazitumia kujaribia. Mashine yake ni ya Linux, na ndani yake Waridi na waridi ni watu wawili, kila mmoja na picha yake. Mashine ya kituo cha afya cha Kabambare ni ya Windows. Humo, herufi kubwa na ndogo katika jina la faili ni kitu kimoja, na anayekuja nyuma hukaa kwenye kiti cha aliyetangulia bila aliyetangulia kuambiwa asimame.

Hilo si jambo la siri. Kila aliyesomea kazi ile analijua. Fadhili alilisomea Bukavu, aliulizwa kwenye mtihani, na akajibu sawasawa. Dawa yake ni mistari michache: majina yote yashushwe yawe ya herufi ndogo kwanza, yalinganishwe, na jina likikutwa lipo tayari, picha mpya ipewe alama yake ya kuitofautisha. Alilikumbuka akiwa juu ya pikipiki, katikati ya matope, siku anakwenda kukabidhi kazi. Lakini kule Kabambare viti vilikuwa vimeshapangwa, na Roger, mkuu wa mradi, alikuwa amefika na mpiga picha wake. Fadhili akajiambia atalifanya baadaye. Watu walipiga makofi. Alimwachia Emilienne wa mapokezi mzigo wa picha kwenye flashi, zikiwemo za Koko na mtoto, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza siku umeme wa jua utakapotosha, akarudi kwao na sifa zake.

Emilienne alibonyeza kitufe alichoonyeshwa. Programu ikafungua mzigo, ikaandika picha moja baada ya nyingine, haikumuuliza mtu neno.

Aicha, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, alikwenda kituoni kueleza kwamba nyumbani kwake watu wawili wamekuwa wanapokezana. Walitazama kwenye mashine, wakakuta picha ya Koko haimo. Habari ikamfikia Roger, na Roger akaitisha mkutano Kasongo. Fadhili alivaa shati lililopigwa pasi.

"Ni programu ao ni mutu?" aliuliza Roger.

"Labda mutu," alisema Fadhili. "Labda amebonyeza mubaya."

Alisema labda, na alijua anasema nini. Roger alifunga daftari lake. Emilienne alisimamishwa kazi kwa simu kabla mkutano haujaisha, na mashine ya Kabambare ikawekewa neno la siri ambalo Roger pekee analo. Anayetaka kuigusa sharti amweleze kwanza Roger kwa nini, na Roger si mtu wa kuridhika na nusu ya maelezo.

Baada ya siku chache Emilienne alimpigia Fadhili.

"Kaka Fadhili, unisamehe. Mie nilibonyeza ile ulinionyesha. Sijue kama kidole iliteleza."

"Labda iliteleza," alisema Fadhili.

"Labda. Unisalimie Koko, kama iko zamu yake."

Yule mwanamke alipokata, Fadhili alirudisha simu mfukoni. Aliona aibu kama mtu aliyekutwa uchi sokoni, isipokuwa hakuna aliyemkuta, na hilo ndilo lililomfanya aweze kula chakula cha jioni.

Huko Kabambare mambo yalipangika. Asubuhi ilikuwa ya mtoto, kwa ajili ya shule. Kuanzia alasiri ilikuwa ya Koko. Shehe alimruhusu Koko kulipa sala za mchana jioni, kwa kuwa mchana hana mwili wa kusujudia. Mwalimu hakuwa na neno, mradi mahudhurio ni mazuri. Jirani aliyetaka kuazima ungo alijifunza kuuliza kwanza ni Waridi yupi yuko. Lakini siku moja mtoto alishikwa na homa ya malaria, akahitaji kulala mchana kutwa na jioni yake, na Koko hakuweza kuja kumtia kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Mtoto alipopona, Koko alianza kujibana. Alimwachia alasiri, ili acheze na wenzake. Kisha akamwachia jioni, ili afanye kazi ya shule. Mwisho akawa anakuja Ijumaa tu, anakaa kidogo mkekani, anauliza bei ya mafuta ya mawese na kuondoka.

"Koko anapunguka," Aicha alisema kwenye simu. "Mutazame ile mashine yenu."

"Natazama," alisema Fadhili.

Shule zilipofungwa Aicha alimpakia mwanawe kwenye pikipiki ya Placide, dereva anayeijua njia ile kuliko mashimo yenyewe, ampeleke Kasongo. Kwenye daraja la miti, mahali Kabambare inapoishia, Placide alisimama akaongeza upepo tairi la nyuma, maana alikuwa ameshawahi kubeba watu wa namna hii. Wakavuka. Ng'ambo ya pili pikipiki ililalia nyuma, na Koko alikuwa amekaa nyuma ya mtoto, mkono mmoja kwenye kilemba, akiuliza kama wameshapita soko.

Waliteremka wote wawili mbele ya nyumba ya Fadhili. Walikuwa hawajaonana tangu kitufe kile. Mtoto alifungua kinywa akamwonyesha Koko pengo la jino, na Koko akaingiza kidole kulipapasa, kwa sababu jino lile lilidondoka yeye hayupo. Alimkalisha katikati ya miguu yake akaanza kumsuka, na alimsuka polepole, akifumua mistari iliyokuwa imenyooka kabisa ili aisuke upya. Mtoto alimweleza habari za miezi yote ile, na Koko alizisikiliza kama habari za mji wa mbali. Fadhili alisimama mlangoni akiwatazama mpaka hakuweza tena, akaenda kukata kuni ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Siku ya kurudi ilipokaribia, Koko alimwita.

"Fadhili, mie nitabaki hapa kwako."

"Koko, na Kabambare?"

"Kule nafasi ni ya mutu moja. Mutoto anapaswa kuwa na siku yake nzima, na usiku wake pia. Zangu nilishaziona." Alikunja upande wa kanga yake, akaukunjua. "Nikienda kumuona namunyanganya siku. Basi siendi. Ile mashine haiwezi kutengenezwa?"

Picha ya Koko ilikuwa kwenye meza, ndani ya mashine ya Fadhili, mbali na mkono wa Koko kiasi cha kuunyoosha tu. Kilichokuwa kimebaki ni kumpigia Roger na kusema neno moja la kweli.

"Iko kazi ya nguvu, Koko," alisema Fadhili.

"Basi, baba."

Hakuuliza tena. Alikuwa mwanamke aliyemwamini mtu wake aliyesoma, na Fadhili alitamani imani hiyo izidi stahili yake kidogo tu, si kwa kiasi kile. Placide alikuja kumchukua mtoto. Koko alimfunga mkoba mgongoni, akarudi ndani kabla pikipiki haijawaka.

Kasongo ilimsifu Fadhili. Wanawake wa mtaa walisema vijana wa leo wakipata kazi ya kompyuta hawataki hata kusikia harufu ya mzee ndani ya nyumba, lakini huyu amempokea nyanya yake, amempa chumba chenye dirisha. Msikitini walimpisha safu ya mbele. Roger naye aliridhika naye, akamtuma aende Salamabila kuweka programu ileile kwa ajili ya wachimba dhahabu wa huko. Programu ya Salamabila Fadhili aliirekebisha. Alikaa asubuhi moja, akaandika ile mistari michache, akaijaribu kwa Windows na kwa Linux, ikapita kote. Mistari ileile ingefaa Kabambare. Aliihifadhi, akafunga mashine, akanawa mikono na uso.

Aicha huwa anapiga simu na kumweka mtoto aongee na somo yake. Mtoto sasa ana siku nzima, amekuwa wa kwanza darasani, na Koko humwambia kila mara asiharakishe kuja. Kutoka kwa Aicha wamesikia pia kwamba Emilienne anauza mandazi karibu na kituo cha afya, na kwamba wagonjwa wengine hawanunui kwake, kwa kuwa ndiye aliyemfuta mama wa watu.

Ijumaa moja baada ya sala ya mchana walikaa kula, Fadhili na Koko, bugali na samaki aliyetoka Nyangwe. Kabla ya kugusa chakula Koko aliinua viganja kama kawaida yake. Alimwombea mtoto na masomo yake, Aicha na biashara yake, Placide na njia. Akamwombea Fadhili, ambaye bila yeye angekuwa hana pa kuwepo duniani. Kisha akakumbuka.

"Na ule binti wa mapokezi, Emilienne. Mungu amusamehe ile alitufanyia. Hakufanya kwa makusudi."

Viganja vya Koko vilibaki juu, maana dua haikamiliki bila wa kuiitikia, na mezani hapo hapakuwa na mwingine.

"Amina," alisema Fadhili.

Koko akajipangusa uso, akamsogezea kipande kikubwa cha samaki, akamwambia ale vizuri, siku hizi amekonda.