Feni ya Plaiwudi

Kazi ya muhula ilikuwa kubuni kifaa cha nyumbani, kila mwanafunzi na ubao wake mmoja wa plaiwudi. Kitinda, aliyebaki na jina hilo kwa kuwa mtoto wa mwisho, alichagua rafu ya kuanikia sahani. Alizipima sahani za mama yake moja moja, akachora mistari ya kukata kwenye kompyuta, akapunguza unywele kila tundu kwa sababu mwali wa leza nao hula mbao. Vipande saba. Alivihesabu mara mbili, maana alikuwa mtu wa kurudi kuhakikisha hata mlango aliokwisha kuufunga.

Mashine ya leza ikakata vipande saba, ikatulia, kisha ikakata cha nane kwenye mabaki: chembamba, kirefu, kimepinda ncha.

Mwalimu wa karakana alikuwa anasahihisha madaftari. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba hicho akitie kwenye boksi chini ya dirisha.

"Ni cha dada yako. Anakata kwenye mabaki ya wenzake. Hajawahi kumharibia mtu kazi."

Kitinda akashukuru. Dada yake hakuwa na makuu hata alipokuwa hai. Alifia humu humu karakanani miaka miwili iliyopita, kifua kimembana, siku aliyobaki kumalizia kazi na moshi umejaa kwa kuwa feni ya kuuvuta ilikuwa imeungua. Barua ya kuomba feni mpya ilipelekwa kwa mkuu wa chuo kabla ya msiba, nyingine baada ya msiba. Zote zilijibiwa kwa adabu kwamba suala linashughulikiwa.

Mama alipoelezwa hakushtuka. Alijua kitambo kuwa mtoto wake hajapumzika, kwani kila asubuhi shuka la kitanda chake kitupu lilikutwa na masizi, naye hulifua na kulitandika tena.

"Mwambie amalize, mwanangu," alisema. "Akimaliza aje alale."

Basi Kitinda akawa anazunguka darasani kuomba mabaki, anayapanga vizuri kwenye mashine, anamwachia dada yake. Boksi likajaa. Ijumaa alivitoa vipande, akavipachika bila gundi, na kila kimoja kikaingia mahali pake. Ilikuwa feni yenye mapanga sita. Kitinda alilia, fahari na uchungu vikiwa vimechanganyika, kisha akapanda juu ya meza akaitia kwenye tundu la ile iliyoungua. Ilienea barabara. Mwalimu aliikagua akampa marehemu alama tisini kwa mia, kumi akizikata kwa kuchelewesha kazi.

Feni haikuwa na mota wala waya. Leza ilipowashwa, feni ikazunguka, moshi wote ukatoka nje. Wanafunzi wakafungua vitambaa walivyojifunga puani. Mkuu wa chuo naye alikuja, akavuta pumzi ndefu, akasifu ubunifu wa vijana. Kisha akaagiza lile ombi la feni lifutwe, kwa kuwa tatizo limekwisha.

Kitinda alitoka akazunguka nyuma ya karakana, upande unakotokea moshi. Hapakuwa na moshi. Palikuwa na kikohozi cha mtu aliyejiziba mdomo asiwasumbue wanaosoma. Alikijua kikohozi hicho. Alilala nacho chumba kimoja miaka kumi na sita.

"Dada, inatosha," alisema. "Mama anakungoja."

Kikohozi kikanyamaza. Ndani, feni nayo ikasimama. Haukupita muda msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye kifua chake hakikuwa kizuri, akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akashika meza. Feni ikazunguka tena. Kitinda alisimama pale ukutani hadi kipindi kikaisha.

Nyumbani aliisimamisha rafu kando ya karo la kuoshea vyombo, na sahani zikakaa wima bila kugusana. Mama akaisifu, akapapasa kingo zake, vidole vikatoka vyeusi. Akauliza kama dada yake amemaliza.

Kitinda alisema muhula huu wako wanafunzi thelathini na wawili, na muhula ujao watakuja wengine.

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kulitoa lile shuka kitandani, akaliloweka.