Mikono Themanini ya Kushoto

Mkataji mpya alihesabu mara tatu, jibu likawa lile lile: mikono themanini ya mashati ya shule, yote ya kushoto. Alikuwa ametandaza tabaka zote za kitambaa zikitazama juu, badala ya kuzilaza uso kwa uso ili kila mkono utoke na pacha wake wa kulia, kosa la mwanafunzi, naye ana miaka tisa kwenye mkasi. Zilibaki siku mbili amalize muda wa majaribio. Kazi imeota mbawa, alijiambia, na nyumbani wapo watoto watatu na baba yao asiye na kibarua.

Kazini alikotoka, kosa la namna hiyo lilikuwa na utaratibu wake: bosi anafoka, wenzako wanainamia cherehani kama hawakujui, wewe unachukua mkoba. Basi akachukua mkoba, akamwendea msimamizi, mama mnene aliyeitwa Pini kwa sababu pini hazikumtoka mdomoni.

"Nimeharibu, mama."

Pini akatema pini kiganjani, akakikagua kitambaa. "Jamani, njooni. Tumekata mikono yote ya kushoto."

Tumekata? Mkataji aligeuka kumtafuta huyo mwenziwe wa pili. Hakumwona.

Cherehani kumi na moja zikanyamaza, wanawake wakaja. Mmoja aliguna. Mwingine akasema, "Kosa moja haliachishi mke."

"Na huyu wala hatujamwoa," akadakia wa tatu, wakacheka. Kicheko hakikuwa na mwiba, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Arobaini ibaki, wakakubaliana. Arobaini ipunguzwe iwe ya kulia, saizi ya watoto wadogo. Mikono ya kukamilisha jozi ikatwe kwenye kitambaa cha akiba. Huyu akachora chaki, yule akashika pindo. Mkataji wakampa mkasi.

Alikata huku anangoja. Labda watafoka saa ya chai. Saa ya chai ikapita. Labda Pini anaandika barua ofisini. Pini alikuwa chini ya meza akiokota vipande. Mkataji alianza kuwaonea hasira: kwa nini wanachelewesha kumfukuza hivi?

Jioni mumewe alimwona machozi mlangoni. "Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Wamekukata mshahara?"

"Hapana."

"Wamekutukana?"

Akatikisa kichwa.

"Sasa mama watoto, unalia nini?"

Hata yeye alitaka kujua. "Nimewaharibia kitambaa, nao wakaniuliza kama nimekula," alisema, akazidi kulia.