Shubiri ya Mama

Profesa alinifuata kwenye chumba changu cha kushonea ili anisomee kitabu alichoandika juu ya mdogo wangu, yule rais ambaye nchi nzima ilimwita Chuma mpaka alipong'olewa. Nikaweka pasi pembeni, nikasikiliza.

Kumbe mama ndiye mkosaji. Alipomwachisha ziwa alijipaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akaonja uchungu pale alipotegemea maziwa, na tangu siku hiyo hakumwamini mtu. Ndiyo maana akajaza magereza.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," profesa akamalizia.

"Na mimi nililelewa na jirani?" nikamwuliza. "Shubiri ile ile niliilamba mimi kwanza. Wewe mama yako alijipaka asali?"

"Nadhani shubiri pia, bibi."

"Umefunga wangapi?"

Akaanza kunieleza kwamba kila mtoto huumia kivyake. Nikamkatiza, nikamwuliza mume wangu yupo ukurasa gani. Mume wangu fundi, aliyechukuliwa kwenye cherehani ile pale, futi ikiwa shingoni, kwa sababu ya utani juu ya suti ya shemeji yake. Hakurudi.

Profesa akafunuafunua kurasa. "Hiki kinahusu utoto tu, bibi."

"Chuchu ya marehemu mama yangu ina sura nzima, mume wangu hana hata mstari."

Nikachukua pasi yangu.

"Andika na hili, mwanangu. Siku anatia saini mume wangu akamatwe, mdogo wangu alikuwa na mvi. Kunyonya alikuwa ameshaacha."